Boga si makombo ya Uganda, wala si kosa la Mbelgiji

Wandugu vijana wa Boga, wa Tchabi, wa Gety, na ninyi wote mliokimbilia Bunia na bado mnaulizwa kila siku "wewe ni wa wapi?":

Kuna sentensi mbili zimetuchosha.

Ya kwanza inatoka kwetu wenyewe. Unaisikia kwenye msiba, kwenye kituo cha moto, kwenye grupu za WhatsApp za wana-Boga: "Kama tungebaki kwa Waingereza, leo tungekuwa mbali." Anayesema ananyoosha kidole ng'ambo ya Semliki, kule Ntoroko. Anahesabu barabara, anahesabu umeme, anahesabu shule. Halafu anatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa urithi.

Ya pili inatoka kwa wale wasiotupenda. Inazunguka kwenye simu kila mara risasi zinapolia Irumu: "Hao si Wakongomani. Warudi kwao Uganda."

Wengi wanafikiri sentensi hizo mbili zinapigana. Hapana. Ni mapacha. Zote mbili zinasema Boga ni mali ya mtu mwingine aliyeko mahali pengine, na sisi tumekaa hapa kwa bahati mbaya. Yule wa kwanza anasema kwa kulia, yule wa pili anasema kwa panga. Na yule wa panga anachukua ushahidi wake kwa yule anayelia.

Leo tunajibu zote mbili. Tunajibu kwa tarehe na majina, sababu kwa hasira tupu tumeshajibu mingi na haikusaidia.

1. Mstari ulichorwa bila sisi

Tuanze na kile ambacho wazee wanasema kweli: Boga ilihamishwa.

Kabla ya Muzungu, nchi ya Boga ilikuwa inatazama mashariki. Mukama wetu alikuwa na uhusiano na ufalme wa Bunyoro, halafu na Toro. Kihema cha Boga na Kinyoro cha ng'ambo vinasikilizana mpaka leo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyetumwa kuhubiri, alipokuja Desemba 1896, aliteremka kutoka Toro, akavuka mto, akapanda mlima, akafika. Hakukuta baryeri. Hakuna aliyemuuliza karatasi.

Lakini karatasi zilikuwepo, zilikuwa Ulaya. Leopold II na Waingereza walikuwa wamekubaliana kwamba Kongo inaishia kwenye meridiani ya 30. Meridiani si mto, si mlima, hakuna ng'ombe anayeijua. Boga iko karibu kabisa na mstari huo, na kwa miaka mingi maofisa wa Kiingereza wa Toro waliihesabu upande wao. Kisha mwaka 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani wakakaa Brussels na kupanga upya mipaka kuanzia Kivu mpaka Ziwa Albert. Kwetu wakachagua mto Semliki. Mwaka 1915 jambo likafungwa kwa mkataba. Boga iliyolala chini ya Mwingereza ikaamka chini ya Mbelgiji. Hakuna mtu hata mmoja wa Boga aliyeulizwa.

Na hatukuwa peke yetu. Katika mazungumzo hayohayo ya 1910, kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, nacho kilipewa mwenyewe. Wajerumani walikuwa wanakidai. Kikaandikwa Kongo. Na kabla ya Mjerumani, mwami Rwabugiri wa Rwanda alikuwa amekivamia na kukishika, mpaka alipokufa mwaka 1895 na utawala wake pale ukaisha. Kisiwa kimoja, wadai watatu.

Sasa nenda leo Idjwi, umwambie Muhavu kwamba yeye ni Mnyarwanda aliyesahauliwa, ama mtoto wa Mjerumani aliyenyang'anywa. Atakucheka mpaka akae chini. Wana bami wao, wana lugha yao, wana mashamba na samaki wao, wana namna yao ya kuona dunia kutoka katikati ya maji. Mikono ya wakubwa ilikipitisha kisiwa huku na huku, na wenyeji wakaendelea kujitengeneza. Hawakungoja hati.

Sisi vilevile tulikuwa kisiwa. Tofauti ni kwamba kisiwa chetu hakina maji.

2. Kisiwa kisicho na maji

Tazameni vizuri tulikuwa wapi baada ya 1910. Kongo ya Mbelgiji ilikuwa nchi ya Katoliki. Tangu mwaka 1906 Leopold alikuwa ameandikiana na Vatikani: misheni za Katoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Pesa ya leta kwa ajili ya elimu ilienda huko. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo wakapata nao. Na Boga haikuwa Katoliki. Ilikuwa na kanisa la Kianglikana, kanisa la Waingereza, ndani ya koloni la watu waliosema Kifaransa. Kwa Mbelgiji tulikuwa kitu cha ajabu. Kwa Mwingereza tulikuwa tumeshafutwa kwenye daftari.

Watu wa Boga walifanya nini? Walikaa kulia? Hapana.

Hapa njo tunataka kila kijana asome historia ya Apolo kwa macho mapya. Jina lenyewe Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Walimwita hivyo sababu ya koti alilopenda kuvaa. Yaani alikuja kwetu na jina la bidhaa ya nje! Na Boga haikumpokea kwa vigelegele. Walimu wawili waliotangulia kabla yake waliondoka kwa njaa, sababu Mukama Tabaro hakuona kwa nini watu wake walishe wageni wasioshika jembe. Apolo akaja akafanya kazi kwa mikono yake. Alipigwa, alifungwa, alirudishwa Toro, akarudi tena. Mwisho Tabaro mwenyewe akabatizwa. Ile si hadithi ya dini iliyoteremshwa kutoka juu. Ile ni hadithi ya kijiji kilichomlazimisha mgeni abadilike ndipo nacho kikubali kubadilika.

Halafu likaja jambo kubwa zaidi. Mpaka ulipowekwa, Apolo alikuwa Toro. Alikuwa padri tayari, angeweza kubaki kule, kwenye upande wa "maendeleo". Alirudi Boga wakati Boga ilikuwa tayari Kongo. Akaanza kuingia msituni kwa Bambuti. Na alipokaribia kufa, akaagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, wala si mashariki alikotoka. Alikufa tarehe 30 Mei 1933. Kaburi lake liko Boga.

Wale wanaosema "tungebaki Uganda" wanapenda sana kumtaja Apolo. Tunawaomba wamtazame amelala namna gani.

Baada yake, kisiwa kikaanza kutoka nje. Watu wa Boga waliokwenda kutafuta kazi na masomo Bunia, Kisangani na mbali zaidi walibeba kanisa lao, wakaliotesha huko. Mwaka 1972 ilipoundwa dayosisi, iliitwa Boga-Zaire. Fikirieni hiyo. Mwaka uleule Mobutu alikuwa anawafuta watu majina ya ubatizo, anasema uhalisi, anasema kila Mzaire arudi kwa mababu kwa amri ya serikali. Na wakati yeye anatengeneza utambulisho kwa amri, kijiji chetu cha mlimani kilikuwa kimeunganisha jina lake na jina la nchi nzima kwa alama moja ndogo ya kistari. Mwaka 1980 jimbo zima la kanisa likaitwa Burundi, Rwanda na Boga-Zaire. Nchi mbili na kijiji kimoja.

Huyo ni mtu wa Boga: anasalimiana Kihema, anaomba kwa kitabu kilichovuka mto, anasoma Kifaransa, anauza na kununua kwa Kiswahili, anajibu askari kwa Lingala. Hakuna Mwingereza aliyemfundisha kuchanganya hivyo. Hakuna Mbelgiji aliyemruhusu.

3. Haya, tucheze mchezo wa "kama"

Hatukatai mtu kuwaza. Kuwaza historia ingekuwaje ni akili nzuri, ilimradi uwaze mpaka mwisho. Shida ya wenzetu ni kwamba wanawaza mpaka kwenye barabara ya lami halafu wanasimama. Sisi tunaendelea.

Kama moja. Tuangalie watu ambao walihama kweli kutoka kwa Mbelgiji kwenda kwa Mwingereza. Wapo. Hawako mbali, wako kaskazini kwetu tu. Eneo la Lado lilikuwa mkononi mwa Leopold mpaka alipokufa Desemba 1909. Mwaka 1910 likaenda Sudan ya Waingereza, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Leo inaitwa West Nile, mji wake ni Arua. Hao njo waliopata ile bahati tunayoililia. Walipata nini? Mwingereza aliwafanya ghala la nguvu-kazi: vijana walikwenda kukata miwa na kulima pamba ya wengine kusini, na kushika bunduki katika jeshi la King's African Rifles. Katika jeshi hilo akatoka Idi Amin. Alipoanguka mwaka 1979, wanajeshi walikwenda kulipiza kisasi kwa raia wa West Nile. Na raia hao walikimbilia wapi? Sudan, na hapa kwetu, Zaire. Walivuka kuja upande ule tunaouita kosa.

Kama mbili. Tuseme Boga ingekuwa wilaya ndani ya Toro. Waulizeni Bakonzo na Baamba, majirani zetu wa ng'ambo, waliokuwa ndani ya Toro. Waliona wanadharauliwa, wanatawaliwa kwa lugha isiyo yao, na tarehe 30 Juni 1962, kabla hata Uganda haijapata uhuru, wakatangaza ufalme wao wa Rwenzururu. Damu ilimwagika miaka mingi. Na wale wanaoota tungekaa chini ya kivuli cha Mukama wa Toro ama wa Bunyoro wakumbuke: serikali ya Obote ilifuta falme zote mwaka 1967, hazikurudi mpaka 1993. Wakati huo wote, sultani wa Boga alikuwa kwenye kiti chake, katika Kongo hii mbovu.

Kama tatu. Hii njo inatuuma zaidi, sababu si ya kuwaza. Ilitokea. Uganda ilishatutawala. Kuanzia 1998 mpaka 2003 jeshi la Uganda lilikuwa Ituri. Juni 1999 jenerali wa Uganda, James Kazini, alijitwika kutangaza jimbo jipya, Kibali-Ituri, na kumweka gavana, Adèle Lotsove. Mstari wa 1910 ulikuwa umefutwa kabisa. Ile ndoto ya wazee ilikuwa imetimia: wakubwa walitoka Kampala.

Tulipata barabara? Tulipata umeme? Tulipata vita ya Wahema na Walendu iliyoua makumi ya maelfu. Ni wazee wetu walioona. Ni kaka zetu waliopewa bunduki wakiwa watoto. Na si sisi tu tunaosema. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, ilisema Uganda ilikuwa mamlaka yenye kukalia Ituri kwa nguvu, na kwamba ilichochea mapigano ya makabila. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyohiyo ikaiamuru ilipe Kongo dola milioni 325.

Kwa hiyo mtu asituambie tena "kama". Tuliionja. Ladha yake tunaijua.

Na hatusemi haya ili tuwachukie Waganda. Mkulima wa Ntoroko ni ndugu yetu. Wakati tulipokimbia, ni yeye aliyetufungulia mlango. Tunachokataa ni kumgeuza jirani kuwa mkombozi, na kuigeuza serikali yake kuwa serikali tuliyoikosa.

4. "Rudini kwenu": kwetu wapi?

Sasa tuwageukie wale wa sentensi ya pili.

Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 iko wazi, na Katiba ya 2006 inasema vilevile: Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilifanya nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1960. Watu wao na ardhi yao. Boga ilikuwa ndani mwaka 1960. Ilikuwa ndani miaka hamsini kabla ya hapo. Kama kuhama zamani kunamnyima mtu uraia, basi tuanze kuhesabu Kongo nzima, tuone nani atabaki. Hakuna kabila hapa ambalo halina hadithi ya "tulitoka kule, tukavuka mto fulani".

Ninyi mnaosema "warudi", mnajua neno hilo linafanya kazi gani? Kwanza ni mzaha kwenye simu. Halafu ni swali kwenye baryeri: "Leta kadi. Jina hili ni la wapi?" Halafu ni sababu ya kuchukua shamba. Halafu ni sababu ya kutohesabu maiti. Mtu akishaitwa mgeni, kifo chake kinakuwa habari ya ng'ambo.

Tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021. Tarehe 30 Mei njo siku ya kumkumbuka Apolo. Usiku ule waliuawa watu zaidi ya hamsini Boga na Tchabi. Hali ya kuzingirwa ilikuwa imeanza Ituri tangu tarehe 6 Mei. Haikuwa imetimiza hata mwezi. Siku chache baadaye hospitali ya Boga nayo ikavamiwa. Waliolaumiwa ni ADF, kundi lililozaliwa Uganda. Basi oneni kichekesho hiki cha uchungu: tunaambiwa turudi Uganda, na wauaji waliotoka Uganda wanatuchinja sababu tuko Kongo.

Tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda na la Kongo wako pamoja katika operesheni wanayoiita Shujaa. Tumesikia vijana wanapiga makofi: "Si tulisema? Wenye kutulinda ni wa ng'ambo." Wandugu, polepole. Mtu anayelindwa na jirani sababu baba yake amelala hapaswi kumkana baba. Anapaswa kumwamsha, kwa kelele, mpaka mtaa mzima usikie. Ulinzi wa Boga ni deni la Kinshasa. Tukisema sisi si wake, tumemfutia deni.

Hilo njo jambo ambalo wenye kulilia Mwingereza hawalioni. Kila mara wanaposema "hatukupaswa kuwa Kongo", kuna waziri mahali fulani anapumua. Kama Boga haikupaswa kuwa Kongo, nani atamdai barabara?

5. Boga si ya kabila moja

Hapa tuseme ukweli ambao utawaudhi wengine wa nyumbani.

Tunaposema "utambulisho wa Boga", kuna watu wanasikia "utambulisho wa Wahema". Hapana. Mbelgiji njo aliyependa hesabu hiyo. Alichukua wafugaji akawaita watawala wa kuzaliwa, akachukua wakulima akawaita wa kutawaliwa, akaandika kwenye daftari, na sisi tukarithi daftari pamoja na uchungu wake. Kisiwa tunachokisema kina Mngiti anayeuza mihogo sokoni, kina Mnyali wa Tchabi, kina Mlese, kina Mbuti ambaye msitu wake ulikuwepo kabla ya meridiani zote. Mbuti hakuomba kuwa Mwingereza wala Mbelgiji. Na mpaka leo, sisi tunaolia kwamba hatukuulizwa mwaka 1910, ni lini tulimuuliza yeye jambo lolote?

Kama tunataka haki ya kusema "sisi tulijitengeneza", lazima "sisi" iwe kubwa. Boga ya Wahema peke yao ni ile sentensi ya pili tu, imevaa nguo zetu.

Kuna mfano mwingine. Wazee wetu wanasalimiana kwa empaako, yale majina ya heshima: Amooti, Akiiki, Abwoli. Mwaka 2013 UNESCO iliandika empaako kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Iliandikwa kwa jina la Uganda tu. Uganda haikuiba: iliomba. Walikaa, wakaandika, wakapeleka faili. Sisi hatukupeleka kitu. Halafu mtoto wetu akiitwa Amooti mbele ya askari, anaonekana mgeni, sababu orodha inasema jina hilo ni la ng'ambo. Hapo Mbelgiji hayumo. Uvivu huo ni wetu.

6. Tunachodai, na tunachofanya

Hatuandiki ili kupunguza hasira. Tunaandika tuwe na msimamo mmoja.

Kwa serikali ya Kinshasa na kwa mamlaka ya jimbo:

– Dola milioni 325 ziliamriwa zilipwe kwa jina la wahanga. Tunataka FRIVAO, mfuko uliowekwa kwa ajili ya kugawa fidia hiyo, itangaze hadharani orodha na hesabu zake kwa Ituri, teritwari kwa teritwari. Wahanga wa Irumu wasome wenyewe.

– Barabara ya Bunia kwenda Boga itengenezwe na leta ya Kongo. Mtu anayefika Ntoroko kwa urahisi kuliko anavyofika makao makuu ya jimbo lake, msimshangae akianza kuota.

– Hali ya kuzingirwa ihesabiwe kwa watu waliobaki hai na vijiji vilivyorudiwa, si kwa hotuba. Na waliokimbia warudi kwenye mashamba yao kabla mtu mwingine hajayaandika kwa jina lake.

– Askari yeyote anayemuuliza raia kabila lake kwenye baryeri aadhibiwe.

Kwa wakubwa wetu, masultani, wachungaji na wazee:

– Acheni kutufundisha kulia. Tufundisheni mnachokijua. Mna majina ya vijiji vya zamani, mna njia za biashara zilizovuka Semliki, mna mapatano ya Wahema na Wangiti yaliyofanyika kabla ya vita na yakashika. Tunayataka hayo.

– Hati za kanisa na za sheferi zilizobaki zipigwe picha sasa. Hospitali ilishavamiwa. Kabati la karatasi halitasubiri zamu yake mara mbili.

Kwa sisi wenyewe:

Wengi wetu tuna dipulomi na hatuna kazi. Tunaendesha moto, tunauza megabaiti, tunasubiri mashindano ya kazi ambayo majina yanajulikana kabla ya mtihani. Muda tunao, simu tunazo. Basi kila mmoja arekodi mzee mmoja, kwa lugha yake, Kihema, Kingiti, Kinyali, Kilese, Kimbuti, amuulize mambo matatu: jina la mahali hapa lilitoka wapi, nani aliishi hapa pamoja nanyi, na mlipatana vipi mlipogombana. Tutaweka zote pamoja, wazi kwa kila mtu. Hatutangoja mradi wala mfadhili.

Na kwenye grupu, mtu akiandika "warudi kwao", ajibiwe na wote, siyo na Wahema peke yao. Mtu akiandika "kama tungebaki Uganda", aulizwe: mpaka mwaka gani? Mpaka 1967? Mpaka 1979? Ama unataka ile ya 1999?

Boga ingeweza kuwa nyingine. Ni kweli. Lakini Boga nyingine haikupotea Brussels mwaka 1910, na haiko ng'ambo ya mto. Ile ambayo mtoto wa Mngiti na wa Mhema wanakaa benchi moja, barabara inapitika, hospitali haina matundu ya risasi, na hakuna anayeulizwa "kwenu ni wapi", hiyo haijawahi kuandikwa na mkoloni yeyote. Hakuna wa kuturudishia. Iko ya kujengwa, hapa hapa, katika Kongo hii, pamoja na majirani hawa.

Boga iko Kongo. Boga ni yetu sote. Na Kongo inatudaiwa.

Vijana wa Boga, Boga na Bunia